Lebo inasema aunsi 2 kwa galoni, mimi nina ndoo ya lita 20: nipime ngapi?

Swali lenyewe nalifupisha hivi. Msomaji ana dawa ya maji ya kusafishia sakafu na kuua vijidudu, lebo inasema aunsi 2 kwa kila galoni ya maji, yeye ana ndoo ya lita 20 na kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Akapiga hesabu mwenyewe akapata mililita 260, mwenzake akapata 300, programu ya kwenye simu ikasema 313, alafu akatokea mtu wa nne akasema ni 250 tu. Anauliza: wote tumetumia aunsi na galoni zilezile, mbona majibu manne, nani yuko sahihi? Na mbona sehemu nyingine nasoma aunsi ni gramu 28 na nyingine mililita 29? Na vikombe na vijiko vya mapishi navyo vina shida hii? Na kuna njia ya kupiga hizi hesabu kichwani?

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe usije ukapima vibaya huku bado unasoma. Kama hiyo dawa imetengenezwa Marekani au kwa ajili ya soko la Marekani, kwenye lita 20 weka mililita 313. Kama lebo imeandikwa kwa vipimo vya Uingereza, weka 250. Hizo 260 na 300 zote mbili ni makosa, haziko sahihi kwa nchi yoyote, na ntakuonyesha zimetoka wapi maana ukishaelewa hapo haya mambo ya galoni hayatakusumbua tena.

Tatizo ni kwamba galoni ziko mbili na aunsi za maji nazo ziko mbili, na watu wengi wanajua habari ya galoni lakini habari ya aunsi hawaijui. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, galoni ya Uingereza ni lita 4.546. Mpaka hapo ukigugo tu unapata. Ila galoni ya Marekani inagawanywa aunsi 128, ile ya Uingereza inagawanywa aunsi 160, kwahiyo aunsi ya Marekani inakuwa mililita 29.57 na ya Uingereza mililita 28.41. Angalia vizuri hapo: Marekani wana galoni ndogo lakini aunsi yao ndio kubwa. Hii ndio inayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote, maana ukisikia galoni ya Uingereza ni kubwa unaamini kila kitu chao kitakuwa kikubwa, na kweli painti yao (sehemu ya nane ya galoni) ni kubwa, kwoti yao (robo ya galoni) ni kubwa, ukifika kwenye aunsi mambo yanageuka.

Sasa tuzichukue namba zenu moja moja. We ulichukua aunsi ya Marekani, 29.57 mara 2 ni 59.1, ukaigawa kwa galoni ya Uingereza 4.546 ukapata 13 kwa lita, mara 20 ni 260. Mwenzako akafanya kinyume chake, akachukua aunsi ya Uingereza, 28.41 mara 2 ni 56.8, akagawa kwa galoni ya Marekani 3.785, ikaja 15 kwa lita, mara 20 ni 300. Hesabu zenu zote zimepigwa sawasawa kabisa, kalkuleta haijakosea popote, ila kila mmoja kachukua kipimo kimoja nchi hii na kingine nchi ile. Programu ya simu imechukua vyote Marekani ikatoa 312.5 ikakuzungushia 313, na yule wa nne kachukua vyote Uingereza akapata 250 kamili.

Kuna njia fupi zaidi ambayo mi naipenda na haihitaji kukumbuka hata hiyo 3.785. Lebo inaposema aunsi kwa galoni inakupa uwiano tu, sehemu ngapi za dawa kwa sehemu ngapi za maji, na uwiano haujali unapimia nini. Aunsi 2 kwenye galoni ya Marekani ni sehemu 2 kwa 128, yani sehemu 1 kwa 64. Basi lita 20 ni mililita 20,000, gawanya kwa 64, unapata 312.5. Ya Uingereza ni sehemu 2 kwa 160, yani 1 kwa 80, 20,000 gawanya kwa 80 ni 250. Hukubadilisha aunsi kuwa mililita wala galoni kuwa lita, na huwezi kuchanganya nchi mbili kwasababu namba ni moja tu, ni 128 au ni 160. Kama unataka ya kukariri, kila aunsi 1 kwa galoni ya Marekani ni mililita 7.8 kwa lita, na ya Uingereza ni mililita 6.25 kwa lita. Zidisha kwa aunsi ulizoambiwa kwenye lebo, alafu zidisha kwa lita za chombo chako, umemaliza. Ndoo ya lita 10 kwa lebo ya aunsi 3 ya Marekani: 7.8 mara 3 ni 23.4, mara 10 ni mililita 234. Hivo hivo tu kwa bomba la kupulizia, tenki, chupa, chochote.

Swali linalobaki ni utajuaje lebo yako ni ya nchi gani, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu kabla hujagusa kalkuleta. Usiangalie lugha, maana wote wanaandika Kiingereza. Angalia ule ujazo ulioandikwa mbele ya chupa, kwa sababu bidhaa nyingi zinaandika kwa mifumo yote miwili pamoja, mfano 32 fl oz (yani aunsi 32 za ujazo) na pembeni 946 ml. Chukua hizo mililita gawanya kwa aunsi. 946 gawanya kwa 32 inakuja 29.56, hiyo ni Marekani. Ikikuletea kama 28.4 ni Uingereza. Kama imeandikwa galoni na lita, ukiona 3.78 au 3.79 ni Marekani, ukiona 4.54 au 4.55 ni Uingereza. Ukiona painti 1 na mililita 473 ni Marekani, painti 1 na mililita 568 ni Uingereza. Mara nyingi utakuta pia wameandika US mbele ya gal, basi hapo hamna mjadala. Kwa uzoefu wangu lebo ya dawa ya viwandani inayotaja aunsi kwa galoni siku hizi karibu zote ni za Marekani, maana Uingereza wenyewe bidhaa zao wanaandika mililita na lita. Lakini kitabu cha zamani, mashine ya zamani, mwongozo wa bustani wa miaka ya nyuma kutoka nchi zilizotumia mfumo wa Uingereza, hapo usibahatishe, hakikisha.

Kwanini ziko mbili? Sio kwamba mmoja alikosea. Zamani Uingereza kulikuwa na galoni kadhaa kwa wakati mmoja, galoni ya mvinyo ya inchi 231 za ujazo, galoni ya bia ya inchi 282 za ujazo, na vipimo vingine vya nafaka. Ile ya mvinyo iliwekwa kwenye sheria enzi za Malkia Anne, mwanzoni mwa miaka ya 1700, na makoloni ya Amerika yakaizoea. Marekani ilipojitenga ikaendelea nayo. Alafu mwaka 1824 Bunge la Uingereza likaamua kufuta utitiri wote ule na kuweka galoni moja mpya, ujazo wa paundi 10 za maji yaliyosafishwa yakiwa na joto la nyuzi 62 Farenhaiti, na hiyo ikatoka kubwa, kama inchi 277.3 za ujazo. Wamarekani walikuwa wameshaondoka, hawakuwa na sababu ya kufuata. Kwahiyo galoni ya Marekani ndio ya zamani zaidi, ile ya Uingereza ndio mpya, watu wengi wanadhani ni kinyume.

Na hizi namba ndefu za desimali hazijapimwa maabara, zimewekwa kwa makubaliano. Mwaka 1959 nchi zinazotumia inchi, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, zilikubaliana inchi moja iwe sentimita 2.54 kamili, bila hata chembe ya ziada. Sasa zidisha 2.54 mara 2.54 mara 2.54 unapata sentimita za ujazo 16.387064, zidisha kwa 231 unapata 3,785.411784, na hiyo ndio galoni ya Marekani kwa mililita, kamili. Ya Uingereza imewekwa kuwa lita 4.54609 kamili. Lita nayo ina historia yake, kuanzia 1901 ilikuwa inahesabiwa kama ujazo wa kilo moja ya maji, ikawa inapishana kidogo sana na desimita moja ya ujazo, kama sehemu 28 kwa milioni, mwaka 1964 wakaondoa hiyo habari na lita ikawa sawa kabisa na desimita ya ujazo. Kwa ndoo yako haina athari yoyote, ila ukikutana na jedwali la zamani lenye galoni inayotofautiana tarakimu za mbali usishtuke.

Twende kwenye aunsi ya gramu 28. Hiyo ni aunsi nyingine kabisa, ni ya uzito, gramu 28.35, na jina wanagawana. Ya uzito inaandikwa oz peke yake, ya ujazo inaandikwa fl oz, lakini watu wanapoandika kwa haraka wanaacha hizo herufi fl, hata kwenye lebo utakuta oz tupu wakati wanamaanisha ya maji. Kanuni yangu ni hii: kama kitu ni cha maji na unakipima kwa chombo chenye alama, ni ya ujazo. Kama ni unga, punje au chumvichumvi, ni ya uzito mpaka lebo iseme vinginevyo, na hapo kikombe cha mililita weka pembeni uchukue mizani. Tuseme dawa yenu ingekuwa ya unga na lebo inasema aunsi 4 kwa galoni ya Marekani. Aunsi 4 mara 28.35 ni gramu 113.4, gawanya kwa 3.785 ni kama gramu 30 kwa lita, kwa lita 20 ni gramu 600. Kwa ya uzito ile njia ya 128 haifanyi kazi, maana sio uwiano wa ujazo tena, hapa lazima ubadilishe kweli.

Kilichowafanya watu waamini ni kitu kimoja ni maji. Aunsi ya ujazo ya Uingereza ilitengenezwa makusudi iwe na uzito wa aunsi moja ikiwa ni maji, na lita ya maji ni kilo moja hivi, kwahiyo kwa maji vyote vinakaribiana. Ukitoka kwenye maji, huko kukaribiana hakupo tena. Kikombe cha Marekani, mililita 237, kikijaa maji ni gramu 237, kikijaa asali ni kama gramu 340, kikijaa unga wa ngano uliowekwa bila kushindiliwa ni kama gramu 120 au 125. Kikombe ni kilekile. Kwahiyo mtu akikwambia kikombe ni aunsi 8 alafu ukaenda kupima aunsi 8 za unga kwenye mizani, umeweka gramu 227, karibu mara mbili ya unga uliotakiwa.

Kuchanganya ujazo na uzito sio jambo la jikoni tu. Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilikuwa inakwenda Edmonton kutoka Montreal kupitia Ottawa. Mita za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwahiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti na kupigiwa hesabu. Safari ilihitaji kilo 22,300, tenkini kulikuwa na lita 7,682. Kubadili lita kuwa uzito wakazidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea, lakini 1.77 ni paundi kwa lita na ndege hii mpya ilikuwa inahesabiwa kwa kilo, ilitakiwa kama 0.8. Wakapata 13,597, wakaichukulia ni kilo kumbe ni paundi, wakaona pungufu ni 8,703, wakagawa kwa 1.77 ileile wakaongeza lita 4,917. Ilitakiwa waongeze zaidi ya lita 20,000. Injini zote mbili zikazimika ikiwa angani, rubani akaileta chini bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga pale Gimli, Manitoba, na watu wote 69 waliokuwemo wakapona. Ukiirudia ile hesabu kuzidisha na kugawanya kuko sawa, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza hii 1.77 ni ya nini kwa nini. Ndio maana mi nasisitiza kila namba ya kubadilishia iandike na vipimo vyake, usiandike 29.57 tupu, andika mililita 29.57 kwa aunsi moja ya ujazo ya Marekani. Inachosha kuandika lakini ukiandika hivo kosa lenu lingeonekana hapohapo, ungeona Marekani juu na Uingereza chini.

Vikombe na vijiko sasa. Ndio, navyo vina shida, na kwa upande mmoja ni zaidi. Kikombe cha kawaida cha Marekani ni nusu ya painti yao, mililita 236.6. Kwenye jedwali la lishe nyuma ya pakiti sheria ya Marekani inakihesabu 240. Kikombe cha metriki, kama wanachotumia Australia, ni 250. Kikombe cha Japani ni 200. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinavyotaja kikombe mara nyingi ni nusu painti yao, 284. Kijiko kikubwa ni 14.8 Marekani, ukizungusha 15, na 15 sehemu nyingi, ila Australia ni 20, hii ya Australia inawakamata sana watu maana ni theluthi nzima juu. Kijiko cha chai ni 5 karibu kila mahali, ya Marekani ikiwa 4.93.

Kwa mapishi yenyewe usiogope sana. Kama kila kitu kwenye maelekezo kiko kwa vikombe, tumia kikombe kimoja hichohicho mwanzo mwisho, hata kama ni cha nchi nyingine utapata kitu kilekile, kingi kidogo au pungufu kidogo, ni uwiano tena. Panapoharibika ni pale vikombe vinapochanganyika na vitu visivyopimwa kwa kikombe, mayai, pakiti ya hamira, gramu za siagi. Vikombe 3 vya unga vya 250 badala ya 237 vinaongeza mililita 40 za unga, na yai linabaki lilelile, kinyunya kinakuwa kigumu na unadhani umekosea kukanda.

Dawa ya kunywa ni habari nyingine na hapa naomba unisikilize. Usibadilishe chochote kwa kijiko cha jikoni. Vijiko vya nyumbani havitengenezwi kwa kipimo, viwili vya seti tofauti vinaweza kupishana sana, na kijiko kikubwa ni mara tatu ya kijiko cha chai, kwahiyo ukikosea kusoma ufupisho tu mtoto kapewa dozi tatu. Tumia sirinji ya mdomoni au kikombe kidogo kinachokuja na dawa, kwa mililita, na kama karatasi imeandikwa kwa vijiko mwombe mfamasia akuandikie mililita kabla hujaondoka dirishani.

Umeuliza kama kuna njia ya kichwa. Ipo. Galoni ya Marekani kwenda lita, zidisha kwa 4 alafu toa asilimia 5. Galoni 10 ni 40, toa 2, ni 38, jibu halisi ni 37.85, inatosha. Kwoti ya Marekani ni hivohivo, ni lita pungufu asilimia 5, mililita 946. Galoni ya Uingereza chukua 4.5, yani zidisha kwa 9 gawanya kwa 2. Lita kwenda galoni ya Marekani gawanya kwa 4 ongeza kama asilimia 5 ya jibu, lita 20 ni 5 na robo, halisi 5.28. Lita kwenda galoni ya Uingereza zidisha kwa 0.22, lita 20 ni 4.4. Aunsi ya ujazo ya Marekani chukua 30, utapitiliza kwa asilimia moja na nusu tu, kwa mapishi sawa, kwa kemikali tumia 29.57. Na usiandike majibu yenye desimali nyingi kuliko chombo chako kinavyoweza kuona. Kikombe chenye alama kila mililita 25 hakiwezi kukupa 312.5, kinakupa kitu katikati ya 300 na 325. Kama dawa inahitaji usahihi zaidi tafuta silinda ya kupimia au sirinji kubwa, desimali za kwenye simu hazisaidii kitu.

Mitego mingine naipitia haraka. Ukipima tenki kwa futi, kumbuka futi ya ujazo moja ni lita 28.3, sio 304, wala usizidishe kwa 0.3048 mara moja ukadhani umepata mita za ujazo, lazima uzidishe mara tatu kwasababu kuna urefu, upana na kina. Tenki la futi 4 kila upande ni futi 64 za ujazo, mara 28.317 ni kama lita 1,812. Pipa la mafuta wanalolitaja kwenye bei za mafuta ya dunia ni galoni 42 za Marekani, lita 159, lakini lile pipa la chuma unaloliona kwa macho ni galoni 55, lita 208, hayo ni mapipa mawili tofauti, usitumie moja kuhesabu lingine. Gari likisema maili 30 kwa galoni uliza galoni ya nani: kwa Marekani ni lita 7.8 kwa kilomita 100, kwa Uingereza ni lita 9.4, injini mbili tofauti kabisa kwa namba ileile. Na Marekani wana painti na galoni za vitu vikavu pia, kubwa kuliko zile za maji, painti kavu ni mililita 551, utaikuta kwenye vikasha vya matunda madogo, kwenye dawa haihusiki.

Turudi kwenye ndoo yako. Kabla hujapima dawa hakikisha hizo lita 20 zipo kweli, maana ndoo nyingi zinazoitwa za lita 20 zilitengenezwa kuwa za galoni 5 za Marekani, ambazo ni lita 18.9 tu, na nyingine lita 20 ni mpaka ukingoni ambapo huwezi hata kuinyanyua bila kumwaga. Kama una mizani, weka ndoo tupu, isome, alafu mimina maji mpaka uzito uongezeke kilo 20, kwenye joto la kawaida la chumba utakuwa umekosea kwa gramu kadhaa tu kwa kila lita. Kama huna mizani, mimina kwa chupa ya lita moja unayoiamini, moja moja. Pale maji yalipofika chora mstari kwa maka isiyofutika. Siku ya kuchanganya weka maji kama nusu, mimina mililita 313 za dawa kama umehakikisha ni lebo ya Marekani, alafu jazia maji mpaka kwenye mstari. Lebo ikisema aunsi 2 kwa kila galoni ya maji kuna wanaobishana kama dawa iko ndani ya hiyo galoni au juu yake, tofauti yake ni asilimia moja na nusu tu, mililita 5 kwenye 313, kikombe chako hakiwezi hata kuiona. Tofauti ya 250 na 313 ndio ya kuijali, ni robo nzima: ukipungukiwa kiasi hicho dawa inaweza isiue vijidudu kama lebo inavyoahidi, ukizidisha inabaki kwenye sakafu na kwenye mikono ya anayepiga deki. Na ukikuta lebo haina mililita wala lita popote, haina neno US, hujui imetoka wapi, usikadirie katikati ya hizo namba mbili, tafuta karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji au mwandikie umuulize mililita ngapi kwa lita moja.